Sufuria Kwanza, Maneno Baadaye

Juzi walikuja hapa kwangu Miyuji vijana wawili wapya wa shirika, msichana na mvulana. Wakaniamkia vizuri, wakakaa barazani, wakafungua kompyuta mapajani. Msichana akauliza: "Mama Foibe, mtu anaanzaje kumwambia mfugaji wa Kongwa aache nyama?"

Nilicheka mpaka nikajifuta macho kwa ncha ya kanga. Si kwamba swali ni baya. Hilo ndilo swali nililoajiriwa nalo, nikalibeba miaka yote ya kazi, na jibu lake halikutoka kwangu. Niliwasimulia wale wawili mpaka chai yao ikapoa. Sasa nawaandikia na ninyi wengine mnaoingia kazi hii, maana nasikia mko wengi na mna haraka.

Kwanza mjue kazi yenyewe ilikuwa nini. Shirika letu lilikuwa dogo. Ofisi ilikuwa nyumba ya kupanga kule Area D, Dodoma mjini, maua mbele, stoo ya kunde nyuma. Lilikuwa na nia mbili. Ya kwanza, kuwapelekea watu chakula mvua inapogoma. Ya pili, kueneza habari ya kula mimea tupu, bila nyama, bila maziwa, bila mayai, kwa kuwahurumia wanyama. Waanzilishi waliamini kwamba huruma ni moja, haigawanyiki, ukiwa nayo kwa mtu utakuwa nayo kwa ng'ombe. Mimi naamini hivyo mpaka leo. Ila kuliamini jambo ukiwa Area D ni rahisi. Kazi ni kulipakua kwenye sahani ya Mgogo mwenye zizi.

Mimi nilikuwa msimamizi wa jiko na ugawaji. Kijiji chetu cha kwanza kilikuwa upande wa Kongwa, mahali pa mtama, uwele na alizeti, na mifugo mingi kuliko miti. Siku ya kufungua jiko, ofisi ilituletea magunia ya vipande vya soya vilivyokaushwa, vile vinavyouzwa kwa jina la nyama ya soya. Maelekezo yalisema: loweka, kaanga, watu hawatatambua tofauti.

Wanangu, walitambua tofauti kabla sufuria haijafunuliwa.

Mama mmoja alitafuna, akatafuna tena, akamtazama mwenzake. Watoto walikuwa wakweli zaidi: walivikamua mchuzi kwa vidole, wakavitazama vikirudi kuwa vikubwa, wakavibatiza sponji. Kuanzia siku ile tukawa "watu wa sponji." Nikipita njiani na gari, watoto wanakimbia nyuma, "Sponji! Sponji!" Na wazee, kwa adabu zao, walimaliza sahani, wakashukuru, na kesho yake hawakuja.

Nikalichukua somo hilo: usimpe mtu kitu kinachojifanya kitu kingine. Anayejua nyama hadanganyiki, na asiyeipata mara kwa mara anaona unamkumbusha alichokikosa. Magunia yale ya sponji tuliyamaliza wenyewe wafanyakazi, na msiniulize ilichukua muda gani.

Nilihitaji mpishi. Akaja Stefano.

Stefano alikuwa mchoma nyama kwenye mnada wa mifugo. Siku za mnada alikuwa na banda lake, makaa, kachumbari, na foleni ya watu. Alitaka kazi ya kukaa mahali pamoja kwa sababu goti lilianza kumsumbua. Alikuja kwenye usaili akinukia moshi wa mbuzi, katika ofisi yenye picha ya ndama ukutani. Mwenzangu wa stoo alinibana kiwiko.

Nikamwuliza, "Ndugu Stefano, unaweza kupika bila nyama?"

"Mama," akasema, "nyama yenyewe ina nini? Ichemshe bila chumvi uione. Watu kwangu wanafuata moto, chumvi, ndimu na pilipili. Nyama ni kiti tu ambacho ladha inakalia. Nipeni kiti kingine."

Nikampa kazi siku hiyo hiyo.

Mengi ninayoyajua ya jiko niliyapata kwake. Alikuwa anasema kitunguu kisichoiva vizuri ni mwizi, kinaiba ladha ya chakula chote. Karanga alizikaanga kwa moto mdogo mpaka ziwe na rangi ya udongo wa Dodoma, ndipo azitwange, halafu azimimine kwenye mchicha mwishoni, si mwanzoni. Kunde aliziloweka tangu jioni na kuyamwaga yale maji ya kulowekea, kwa sababu, kama alivyosema, "yale ndiyo yanayofanya ibada ya Jumapili iwe na kelele." Njugu mawe alizichemsha na chumvi mpaka ganda lilegee, akawapa watu wakiwa bado kwenye foleni, mkononi, kama kionjo. Foleni inayotafuna haigombani. Likumbukeni hilo, siku moja litawaokoa.

Na jambo jingine la muhimu kuliko yote. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu usimrukie na maharage. Anza na uji mwepesi wa uwele, kidogo kidogo. Na mtoto aliyevimba miguu, au aliyechoka hata kulia, si wa sufuria yako. Huyo ni wa zahanati, na umpeleke wewe mwenyewe, usimwelekeze mama njia. Wala sikumwambia mama yeyote amnyime mtoto maziwa aliyonayo. Sisi wenyewe tusiokula kabisa vitu vya wanyama tunameza vidonge vya vitamini, kwa sababu kuna vitamini mimea haina. Sasa utamwambiaje mama asiye na kidonge? Jueni mnachokisema kabla hamjakisema.

Mimi mwenyewe nyama niliiacha taratibu. Nilianza kwa kuona aibu, maana nilikuwa nasema hili mchana na kula lile nyumbani. Baadaye aibu ikaisha na hamu ikaisha nayo, nikawa sitaki tu. Stefano hakuiacha kamwe. Nilipomchokoza alinijibu, "Mama Foibe, mimi hapa nimeajiriwa kupika. Sikuajiriwa kuokoka." Na mpishi bora wa mimea niliyewahi kufanya naye kazi ndiye huyo.

Basi tukaendelea. Jina la sponji likaanza kusahaulika. Halafu mvua ikagoma kweli kweli.

Ninyi wa mjini mnajua ukame kwa bei ya unga. Kule ukame una sauti. Ng'ombe wanalia kwa namna nyingine, wanalia chini chini, na jioni vumbi la mifugo inayorudi linakuwa jembamba kwa sababu mifugo imepungua. Watu waliokuwa wanatucheka walianza kupanga foleni asubuhi na mapema. Stefano aliongeza mafiga, nami niliongeza wapishi wanawake kutoka kijijini.

Wakati huo ndipo ofisi ilipotuletea mratibu mpya, Idrisa, kijana wa Kondoa, Mrangi, msomi, mpole, mwenye miwani na viatu visivyopenda vumbi. Nyama aliiacha tangu akiwa shule, na ndugu zake, alivyoniambia, walidhani anaumwa. Nilimpenda toka siku ya kwanza. Lakini alikuja na agizo. Wafadhili walitaka watu wafundishwe kwanza ndipo wale. Somo la wanyama, halafu kila mwenye kukubali kuacha nyama anyooshe mkono, apigwe picha, ndipo apakuliwe.

Nilimwambia, "Mwanangu, hapa patakuwa na shida."

"Hakuna anayelazimishwa, Mama," akasema. "Ni kunyoosha mkono tu."

Siku ya agizo, Idrisa alisimama mbele ya sufuria na kuzungumza. Alizungumza vizuri, Mungu ni shahidi. Alieleza jinsi mnyama anavyohisi maumivu kama sisi. Watu walisikiliza kwa utulivu, macho yakiwa kwenye mvuke nyuma yake. Akauliza, "Nani yuko tayari kuacha nyama?"

Mikono yote ikapanda. Hata vitoto vya mgongoni vilinyanyuliwa mikono na mama zao. Idrisa akatabasamu, akachukua kamera.

Mkono mmoja haukupanda. Ulikuwa wa Mzee Yoramu. Huyu alikuwa mfugaji mwenye heshima pale kijijini, mrefu, mkavu, na siku hiyo alikuja na mjukuu wake, kabinti kadogo kaitwako Yunisi. Wazazi wa Yunisi walikuwa wamekwenda kutafuta kibarua mbali. Babu alikuwa amemshika mkono, na bakuli amelibana kwapani.

Idrisa akamsogelea. "Shikamoo, Mzee. Hujanyoosha mkono."

"Marahaba, mwanangu. Sijanyoosha."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nina njaa," akasema Mzee Yoramu. "Mtu mwenye njaa akikuahidi kitu, ujue anaongea na sufuria. Nikishiba, njoo uniulize, nitakuambia ukweli wangu."

Watu wakainamisha vichwa. Mikono ikaanza kushuka, mmoja mmoja, kwa aibu. Mzee Yoramu akageuka, akamvuta mjukuu wake taratibu, wakaondoka na bakuli lao tupu. Hakukasirika wala hakupaza sauti. Alikwenda tu.

Stefano alisimama na upawa mkononi kama mtu aliyetukanwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi mnadani nimemkatalia chakula mlevi. Mtoto sijawahi."

Nilichukua ndoo yenye kifuniko, nikajaza uji na kunde, nikajitwisha. Idrisa akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia, "Naenda kwa mzee yule. Wewe uamue mwenyewe la kufanya na hawa wengine." Nilianza kutembea. Nyuma yangu nilisikia Stefano anapakua, sahani zinagongana, na baada ya muda kidogo viatu vya Idrisa vinakuja mbio mbio kwenye changarawe.

"Nimemwambia awapakulie wote," akasema, akihema. "Nakuja na wewe. Nataka kumwomba radhi."

Tulipofika kwa Mzee Yoramu hatukumkuta nyumbani. Tulimkuta zizini. Yunisi alikuwa ameketi kivulini na bibi yake, Bibi Dina, na mzee alikuwa amechuchumaa karibu na ng'ombe mwekundu aliyelala chini. Ng'ombe alikuwa mifupa na macho. Majirani wawili walikuwa wamempitishia gunia chini ya tumbo.

Ninyi msiojua: ng'ombe akidhoofika kwa ukame anafika mahali akilala hawezi kusimama mwenyewe. Asipoinuliwa, miguu inakufa ganzi na ndiyo mwisho wake. Kwa hiyo kila asubuhi watu wanakwenda zizi kwa zizi kuinuana ng'ombe, leo kwako, kesho kwangu. Wawili wanashika gunia, mmoja pembe, mmoja mkia. Huyu wa Mzee Yoramu alikuwa ameinuliwa asubuhi, akaanguka tena.

"Mbukwenyi," mzee akatusalimu kwa Kigogo, bila kinyongo chochote. Halafu akamtazama Idrisa. "Umekuja wakati mzuri. Tumepungukiwa na mtu wa mkia."

Idrisa akasimama. "Mzee, mimi sijawahi kumshika ng'ombe."

"Na yeye hajawahi kushikwa na mratibu. Mtafahamiana. Shika mkia."

Nawaambia, wanangu, nimeona mengi katika kazi hii, lakini sijaona tena mtu wa miwani akishika mkia wa ng'ombe namna ile. Aliushika kama mtu anayeshika waya wa umeme. Mzee akahesabu kwa Kigogo, wote wakavuta, ng'ombe akanyanyuka nusu, akayumba, akamwegemea Idrisa kwa uzito wake wote. Miwani ikaruka. Bibi Dina akamwacha Yunisi kivulini, akaja mbio kusukuma ubavu. Nami nikatua ndoo, nikasukuma. Tulikuwa pale tumemzunguka ng'ombe mmoja kama watu wanaosukuma gari lililozimika, na ng'ombe, baada ya kufikiri, akasimama.

Hatukumwachia. Unamshikilia mpaka damu irudi miguuni. Idrisa alikuwa ameegemea mgongo wa yule ng'ombe, shavu kwenye manyoya, viatu vyake vimejaa kila kitu, na alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

Baadaye tulikaa kivulini. Yunisi alikunywa uji polepole, kama tulivyomwelekeza bibi yake. Idrisa alisema alichokuja kusema: "Mzee, naomba radhi. Wewe umeanza kuwahurumia wanyama kabla mimi sijazaliwa. Nimekuja kukufundisha mlango ambao wewe umeshaingia."

Mzee akakung'uta vumbi mapajani. "Usinipambe sana, mwanangu. Nyama naila. Huyu ng'ombe, kungekuwa hakuna chakula hiki mnachotupikia kila siku, ningemchinja jana. Tungekula siku chache, halafu tungekaa tukitazamana. Watu wengi hapa wamechinja hivyo. Hawakutaka."

Idrisa akamgeukia yule ng'ombe, akamtazama. Niliona jambo limemwingia. Njiani kurudi aliniambia, na nayaweka maneno yake hapa kwa sababu ni yake: "Mama, kila sufuria ya kunde tunayopika inasimama mlangoni mwa zizi. Mimi nilikuwa natafuta mikono iliyonyooshwa, kumbe wanyama walikuwa wanaokolewa na matumbo yaliyoshiba."

Ofisini aliketi na simu, akaongea na wafadhili wale. Sikusikia upande wa pili, lakini upande wake niliusikia mpaka jikoni. Alisema hatapiga picha ya mkono wa mwenye njaa tena, na kama hilo haliwezekani, watafute mratibu mwingine. Nilikaa roho mkononi. Kwa siku kadhaa hatukujua kama jiko litaendelea. Stefano alipika kila sufuria kama ya mwisho, na nadhani hakuwahi kupika vizuri kama siku zile.

Likaja jibu: endeleeni. Mfadhili mmoja alijitoa, wengine walibaki. Tukaweka utaratibu ambao nawaachia kama urithi, maana sina shamba la kuwagawia. Sufuria kwanza, maneno baadaye. Watu wale, washibe, waondoke wakitaka. Anayetaka kukaa akae, tuzungumze, naye aulize, naye abishe. Mwanzoni walikaa wachache. Kisha wakawa wanabaki wengi, kwa sababu Idrisa aligundua kwamba ukianza kwa kumwuliza mtu habari za ng'ombe wake, humalizi mapema.

Yunisi alirudisha nguvu. Ng'ombe mwekundu naye alipona, akaendelea kumtazama Idrisa kwa mashaka.

Mvua iliporudi, ilirudi na matusi yake yote, mito ikafunga barabara, na sisi tukakwama Dodoma mjini. Tulipofika tena kijijini, uwele ulikuwa umesimama na watu walikuwa na nyuso zao za zamani. Mzee Yoramu alitutumia ujumbe twende kwake, sote wa jikoni.

Tulikuta uwanja umefagiwa. Majirani wamejaa. Wanawake wanapiga ngoma. Idrisa akamsalimia mzee, akasema kwa utani, "Mzee, leo naona umeshiba. Nimekuja kuchukua ule ukweli ulioniahidi."

"Chukua," mzee akasema. "Nyama bado naipenda. Lakini zamani nilichinja nikiwa na shida, na nilichinja nikitafuta sifa. Ile ya shida mmeniondolea. Hii ya sifa naifikiria." Halafu akapiga kofi. "Sasa kaeni. Msimu mzima mmetulisha ninyi. Leo tunawalisha sisi."

Na kutoka nyuma ya nyumba akaletwa beberu mnene, mweupe, mwenye ndevu za kiongozi, kamba shingoni. Jirani alikuwa na kisu.

Maji yalinifika shingoni. Ninyi mlio wadogo mnaweza kudhani ni jambo la kusema tu "asante, hatuli." Mkatalie Mgogo mbuzi wake mbele ya majirani, uone kama utarudi tena kwenye uwanja huo. Alikuwa anatupa heshima kubwa aliyonayo. Tukikubali, kila neno tulilosema limegeuka upepo. Tukikataa, tumemvua nguo mwenyeji wetu. Stefano akaninong'oneza, macho kwa beberu, "Mama, mimi naweza kulimaliza tatizo hili kabla ugali haujaiva." Nilimkanyaga mguu.

Aliyeinuka ni Idrisa. Alivua viatu, sijui kwa nini, nadhani kwa adabu. Akaenda mpaka kwa mzee, akapokea kamba kwa mikono miwili, akaipeleka kifuani.

"Mzee, tumepokea. Mbuzi huyu sasa ni wetu?"

"Ni wenu. Kabisa."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya watu wote hawa."

"Basi tunashukuru sana," Idrisa akasema. "Ila sisi kule Area D hatuna zizi. Tuna maua, naye atayamaliza. Babu yangu Kondoa alikuwa akipata mfugo asiye na mahali pa kumweka, alimkabidhi mtu mwaminifu amtunzie. Nasi hapa hatumjui mtu mwaminifu kuliko wewe." Na akamrudishia kamba. "Tutunzie mbuzi wa Mama Foibe."

Ngoma zilinyamaza. Wafugaji wote pale walijua sheria hiyo kuliko yeye, maana wao wenyewe wamewekeana mifugo vizazi na vizazi. Mnyama wa amana hachinjwi bila ruhusa ya mwenyewe. Anayetunza anapata mbolea na sifa ya uaminifu, basi.

Mzee Yoramu aliitazama kamba mkononi mwake. Aliitazama sana. Halafu mabega yakaanza kutikisika, akacheka kicheko cha tumboni, akamgeukia mwenye kisu: "Weka kisu ndani. Huyu kijana amenifunga kwa kamba yangu mwenyewe!" Uwanja ukalipuka. Ngoma zikarudi, akina mama wakapiga vigelegele, na beberu, asiyejua ameponea wapi, akaanza kutafuna ukingo wa kanga yangu.

Kicheko kilipopungua Bibi Dina alionekana ana wasiwasi. Akanivuta pembeni. "Mama Foibe, sasa mtakula nini? Wageni hawaondoki hivi hivi. Ndani nina chakula chetu tu, tulichojipikia sisi wanawake. Si cha kuweka mbele ya wageni."

"Ni kipi hicho?"

"Ugali wa uwele na mlenda wa karanga," akasema, kama mtu anayetaja deni.

"Lete, Bibi."

"Nitaaibika."

"Lete."

Akaleta. Alikiweka mbele yetu akiwa ameangalia pembeni. Sisi tukanawa, tukala, na Stefano, yule ambaye hakuokoka, alichovya mara ya kwanza, akasimamisha tonge hewani, akauliza kwa ukali, "Nani ametia ufuta humu?" Bibi Dina akashtuka, akasema ni yeye. Stefano akasogeza kigoda chake karibu naye, wakaanza kuongea habari za ufuta na magadi mpaka giza likataka kuingia. Mlenda ule uliingia kwenye jiko letu wiki ile ile. Na siku hiyo nikaelewa kwa nini nilikuwa nahangaika miaka yote. Watu wale walikuwa wanakula mimea karibu kila siku ya maisha yao, na wanakula vizuri. Hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha. Walihitaji mgeni wa kukaa mbele ya chakula chao, akasema mbele za watu kwamba ni kitamu, na awe anasema kweli.

Sasa mniruhusu nimalizie na kesi niliyonayo mpaka leo. Beberu yule Mzee Yoramu hakumwacha mpweke. Kwa uaminifu wake, akamchanganya na majike, na wana wengine akawahesabu kuwa wangu. Kwa hiyo mimi, nisiyekula mbuzi, nina mbuzi wengi kuliko mchinjaji yeyote wa Miyuji. Mchungaji wetu amenitania madhabahuni.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, mzee alinipigia simu. Mwanawe wa mwisho anaoa.

"Mama Foibe, mbuzi wako wamenona. Naomba ruhusa. Hata mmoja tu."

Ni harusi ya mtoto wake, na mbuzi wametoka mkononi mwake. Nikajiuliza mimi ni nani. Lakini nilijua pia kwamba yule mzee angeweza kuwachinja miaka yote hii bila mimi kujua, na hakufanya hivyo. Alinipigia kwa sababu alitaka jibu langu la kweli, si la adabu.

"Mzee," nikasema, "jibu langu la kweli ni hapana. Lakini nitakuletea Stefano."

Akauliza, "Na goti lake lile?"

"Atapika akiwa amekaa."

Nikamsikia anacheka, anamwita Bibi Dina, anamwambia aloweke kunde.

Tulikwenda. Idrisa alikuja na mkewe na watoto. Stefano aliketi kwenye kiti chenye mto katikati ya mafiga kama jaji, akiamrisha vijana na upawa. Kulikuwa na mbaazi za karanga, wali, viazi, mlenda wa Bibi Dina kwenye masufuria makubwa, na safari hii uliwekwa mbele, meza ya wakwe. Mjomba mmoja wa bi harusi, mtu mzito kutoka mjini, alizunguka meza yote na sahani, akarudi, akazunguka tena.

"Yoramu," akaita kwa sauti, "nyama iko wapi? Nimeona mbuzi wamejaa zizini!"

Mzee Yoramu aliinuka katika koti lake la harusi, akanyoosha kidole kunielekea mimi, mbele ya ukoo mzima.

"Mbuzi ni wa yule mama," akasema. "Mwombe yeye. Mimi alishaninyima."

Mjomba akaja mpaka nilipokaa, akanitazama. Nikamwamkia. Nikamtolea kiti, nikachukua sahani yake, nikampakulia mwenyewe, mlenda kwanza. Aliketi, akala. Alipomaliza, alisimama, akanipa sahani tena.

"Usiniambie mmetia nini," akasema. "Ongeza tu."